UZI: GPS ikizima ukiwa juu ya wingu kati ya Mombasa na Wilson (Nairobi), unabaki na nini?

#1 Kipanga wa Mwambao

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa marubani wa leseni ya binafsi wanaotoka Moi (uwanja wa Mombasa), Ukunda au Malindi kwenda bara, na asubuhi nyingi wanajikuta juu ya wingu lililofunga, ardhi haionekani. Tuzungumzie akiba ya urambazaji, kwa vipimo.

Ukimuuliza rubani akiba yake ni nini, mara nyingi atajibu: GPS ya dashibodi, tableti na simu. Hivyo ni vifaa vitatu lakini njia ni moja. Vyote vinasikiliza satelaiti kwenye megahezi 1575.42 au jirani yake, na mawimbi hayo yanafika chini yakiwa dhaifu mno. Mvurugo mmoja unavipofusha vyote kwa pamoja.

Kwa hiyo panga akiba kwa kuuliza: chanzo gani cha hitilafu kitaua nini?

Satelaiti zikivurugika, unabaki na VOR/DME (vituo vya redio vya ardhini: VOR hukupa uelekeo, DME umbali), dira ya sumaku, saa na ramani.

Umeme wa ndege ukifa, VOR, DME, transponda (kifaa kinachokutambulisha kwenye rada) na GPS ya dashibodi vinaondoka pamoja. Unabaki na tableti, simu, redio ya mkononi, dira na saa. Hapa ndipo wengi hukosea: VOR ni akiba nzuri ya GPS, ila haikusaidii altaneta ikifa.

Pampu ya vakyumu ikifa, unapoteza jairo ya mwelekeo (inayoonyesha pua inaelekea wapi) na upeo bandia (unaoonyesha kama mabawa yamelala). Juu ya wingu kwenye anga safi utaendelea kuruka, lakini hutakuwa na cha kukushikia mabawa ukiingia ndani ya wingu.

Dira na saa ya mkononi husalia katika hali zote tatu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hesabu ya uelekeo, kasi na muda ifanywe kila safari, kifaa kikiwa kizima. Hesabu hiyo haianzishwi baada ya skrini kuzima, kwa sababu wakati huo huna tena pa kuanzia.

Wenye ujuzi wa redio na dira karibuni.

#2 FundiRedio Changamwe

Ahsante Kipanga. Naongeza upande wa vifaa.

Tableti kwanza. iPad imetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35 za joto. Ukiibana kwenye kioo cha mbele pale Moi, jua la saa nne asubuhi likaipiga ikiwa inachaji, itajifunga kabla hujamaliza ukaguzi wa injini. Iweke pajani au kwenye kivuli cha dashibodi, ipigwe na hewa ya tundu la pembeni, na uchaji kabla ya safari. Ramani zipakue ukiwa bado na intaneti. Chipu ya GPS ya simu haihitaji mtandao kukaa hewani, lakini ikiwa imezimwa siku nyingi na haina data mpya za satelaiti, kupata mahali kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Orodha kamili ya satelaiti yenyewe hutangazwa kwa dakika 12 na nusu. Iwashe ardhini, ione mahali, ndipo uondoke.

Jambo la pili ni hatari zaidi: tableti haina RAIM, yaani ukaguzi wa ndani wa usahihi wa satelaiti. GPS ya dashibodi iliyoidhinishwa hulinganisha satelaiti zenyewe kwa zenyewe. Inahitaji 5 kugundua kosa na 6 kuitenga iliyoharibika, na ikishindwa inakuambia. Tableti itaendelea kukuchorea kindege kizuri mahali pasipo sahihi. Na huku kwetu hakuna huduma ya kusahihisha satelaiti kama WAAS ya Marekani au EGNOS ya Ulaya, basi usichukue mazoea ya video za huko ukadhani usahihi ni uleule.

VOR: piga masafa, kisha sikiliza morse (milio mifupi na mirefu inayotaja kituo). Kituo kikiwa kwenye matengenezo huondoa utambulisho wake au hutuma herufi za TEST, huku sindano ikiweza kuonekana hai kabisa. Masafa yachukue kwenye AIP (kitabu rasmi cha taarifa za anga) na NOTAM (matangazo kwa marubani) za siku hiyo, usitegemee kumbukumbu. Umbali wa kusikika unaukadiria hivi: kipeuo cha pili cha kimo kwa futi, mara 1.23, unapata maili za baharini. Kwa futi 8,500 ni 92 mara 1.23, yaani 113. Hesabu kosa la nyuzi 5 kwa mfumo mzima. Kwa umbali wa maili 100 hilo ni zaidi ya maili 8 kushoto au kulia.

Redio ya mkononi yenye VOR ni kitu kizuri, lakini antena yake fupi ndani ya kibanda cha bati husikia karibu tu. Muulize fundi wako aliyeidhinishwa akuwekee kiunganishi cha antena ya nje ya ndege. Kebo hiyo ndiyo inayokifanya kifaa kiwe akiba ya kweli. Beba pia kasha la betri kavu za kubadilisha.

Altaneta ikifa, betri nzuri inakupa kama nusu saa ukipunguza mzigo. Zima taa, joto la pitot (bomba la kupimia kasi) kama huna haja nalo, redio ya pili na chaja zote. Bakiza redio moja na transponda.

#3 Bi Dira

Nazungumzia dira, maana vitabu tunavyosomea vingi vimeandikwa Uingereza na Marekani, na kanuni zake za dira zimegeuka huku kwetu.

Ikweta ya sumaku (mstari ambapo sindano ya dira haiinami upande wowote) hapa Afrika Mashariki haipiti Nanyuki kama ile ya ramani. Inapita Ethiopia, kama nyuzi 10 kaskazini. Kwa hiyo Kenya nzima iko upande wa kusini wa sumaku. Maana yake:

Ukigeuka kuelekea kaskazini, dira yako hutangulia. Endelea kugeuka kidogo baada ya dira kusoma uelekeo unaoutaka, ndipo unyooshe. Ukigeuka kuelekea kusini dira huchelewa, basi nyoosha kabla haijafika. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya Ulaya atafanya kinyume na kujiongezea kosa maradufu.

Ukiwa unaelekea mashariki au magharibi, ukiongeza kasi dira huonyesha kana kwamba unageukia kusini, ukipunguza, kaskazini.

Habari njema ni kwamba kosa letu ni dogo. Kwa mgeuko wa kawaida wa nyuzi 3 kwa sekunde ni kama nyuzi 10, ambapo Uingereza wanafundishwa 30. Tofauti ya kaskazini ya kweli na ya sumaku nayo hapa mwambao haifiki nyuzi 2, kwa hiyo kwa kazi hii unaweza kuiacha.

Kinachoharibu dira zetu hasa ni sisi wenyewe. Simu, kipaza sauti cha tableti, miwani yenye fremu ya chuma juu ya dashibodi, kishikio chenye sumaku: kimoja tu karibu na dira kinaweza kuivuta nyuzi nyingi. Kabla ya kuondoka, simama kwenye barabara ya kurukia 03 ya Moi ukiwa umewasha kila kitu utakachotumia angani. Dira na jairo zisome uelekeo wa barabara. Kisha sogeza tableti ulipoipangia na uangalie kama sindano imetikisika.

Jairo irekebishe kwa dira kila dakika 10 hadi 15, mabawa yakiwa sawa na kasi haibadiliki.

#4 Kozi ya PPL

Shikamoo Bi Dira, na ahsanteni wote. Swali la mwanafunzi: hesabu ya uelekeo na muda bila kuona ardhi inaaminika kweli? Upepo wa futi 8,500 nitaujuaje wakati chini bahari imetulia?

#5 Kipanga wa Mwambao

Swali zuri sana, na ndilo kiini.

Moi hadi Wilson ni maili 233 za baharini, njia ya nyuzi 314. Chukua ndege inayosoma noti 95 kwenye saa ya kasi. Ongeza asilimia 2 kwa kila futi 1,000: kwa 8,500 ni asilimia 17, unapata noti 111 za kweli hewani.

Wakati wa Kusi, tuseme upepo unatoka 160 kwa noti 25. Unakusukuma kulia nyuzi 6 na kukuongezea kasi hadi karibu noti 132. Elekeza pua 308. Safari ni saa 1 na dakika 46. Asiyehesabu upepo anatarajia saa 2 na dakika 6. Dakika 20 za tofauti, ukiwa juu ya wingu, ni kuipita Wilson ukidhani bado uko juu ya Ukambani.

Wakati wa Kaskazi, upepo ukitoka 050 kwa noti 20, unakupiga ubavuni kutoka kulia. Msukumo ni nyuzi 10 na ushei kwenda kushoto. Elekeza pua 324, kasi ya ardhini inabaki ileile 111.

Upepo wa juu uulize Idara ya Hali ya Hewa kabla ya safari, kwa kila kimo, na usiukisie kwa kuangalia bendera ya Likoni. Hasa Juni hadi Agosti: mkondo wa upepo wa chini wa Afrika Mashariki unapita juu ya upande huu wa Kenya, na kiini chake huwa kwenye futi 5,000 hivi. Unaweza kupanda kutoka noti 15 hadi 40 na kurudi kwenye 20, yote ndani ya futi 8,000. Upepo wa futi 5,000 usiutumie kwenye 8,500.

Kisha kuna upepo unaoupima mwenyewe. GPS ikiwa hai inakupa kasi ya ardhini na njia halisi. Linganisha na kasi yako ya hewani na uelekeo wa pua, upepo unaupata kwa kikokotoo cha duara. Kila dakika 10 andika kwa penseli mstari mmoja: saa, uelekeo, kasi, kimo, mahali, umbali wa DME. GPS ikifa, mahali pako pa mwisho hapazidi dakika 10, na upepo uliopima unao. Kuanzia hapo chora duara la shaka: asilimia 10 ya umbali uliokwenda tangu nukta ya mwisho. Baada ya nusu saa kwa noti 132 umekwenda maili 66, duara ni la maili 6 na nusu. Ukijua liko wapi, unaweza kuliepusha na mlima.

Mstari huohuo unakulinda na hatari nyingine, mawimbi ya kughushi yanayojifanya ya satelaiti na kukupa mahali pa uongo bila skrini kuzima. DME na GPS zikitofautiana zaidi ya maili 3 mbali na kituo, na pua yako haijabadilika, usiiamini GPS mpaka ijieleze. Karibu na kituo tofauti ndogo ni halali, kwa kuwa DME hupima mshazari: juu kabisa ya kituo kwa futi 8,500 itasoma maili 1.4.

#6 Ramani na Saa

Hapo umenena, Kipanga. Lakini hizo namba za msukumo ziwekeni juu ya ramani, maana njia hii ina mtego wake.

Milima miwili ya kuogopwa iko kushoto ukienda Nairobi. Vilima vya Taita (kilele cha Vuria mita 2,208) viko maili 28 kushoto, ukiwa umekwenda 82. Hao si tatizo sana. Tatizo ni Chyulu: mita 2,188, yaani futi 7,180 hivi, maili 12 tu kushoto mwa njia, ukiwa umekwenda 137. Maili 12 kwa 137 ni nyuzi 5. Kaskazi uliyoisahau nusu inakufikisha hapo.

Tazameni pia kwamba VOR ya Mombasa kwa futi 8,500 inaishia 113 kwa hesabu ya FundiRedio. Ya Nairobi usiihesabu mpaka uisikie morse yake. Kwa hiyo pengo la redio liko palepale penye Chyulu.

Na mwelekeo wa kurudi una jambo lake. Kwenda ni nyuzi 314, kimo ni elfu shufwa na 500: 8,500. Kurudi ni 134, elfu witiri na 500. Futi 7,500 ni halali kwa kanuni, lakini inakuacha futi 300 tu juu ya Chyulu ukiwa umesukumwa. Chukua 9,500.

Sasa akiba ambayo haihitaji umeme wala satelaiti: Kibo. Asubuhi huwa wazi juu ya wingu. Kufikia mchana mara nyingi hujifunika. Kibo iko maili 53 kutoka kwenye njia, na inakuwa sambamba nawe, yaani kwenye nyuzi 224, ukiwa maili 137 kutoka Moi. Ni hapohapo kwenye Chyulu. Fanya hivi:

Anza saa Kibo ikiwa kwenye 269 (maili 84 kutoka Moi). Simamisha ikiwa kwenye 224. Umbali uliokwenda kati ya vipimo hivyo viwili ni sawa na umbali wako kutoka mlimani. Kwa noti 111, ukiwa kwenye njia, ni dakika 28 hadi 29. Ikichukua dakika 22, uko maili 41 kutoka Kibo, na chini yako ni Chyulu. Geuka kulia.

Usitumie bawa kama kipimo bila kusahihisha. Pua ikiwa 324 kwa ajili ya Kaskazi, 269 iko nyuzi 55 kushoto mwa pua na 224 iko nyuzi 100, nyuma ya bawa. Ukisimamisha saa Kibo ikifika kwenye bawa, umewahi kwa maili 9. Weka alama za utepe kwenye ukingo wa dirisha kwa nyuzi 45, 55, 90 na 100, ukipima ukiwa umekaa kitini.

#7 Kozi ya PPL

Na jua? Kuna njia ya mshale wa saa niliyoisoma.

#8 Bi Dira

Iache hiyo mwanangu. Ni ya nchi ambazo jua linakaa upande mmoja mwaka mzima. Mombasa iko nyuzi 4 kusini: Juni jua la mchana liko kaskazini yako, Desemba liko kusini, na mapema Machi na mapema Oktoba linapita utosini. Adhuhuri ya jua ni kama saa sita na dakika 20 kwa saa zetu, na karibu na hapo jua halikuambii lolote la maana.

Asubuhi ndiyo linafaa. Machi na Septemba hukaa karibu na mashariki kamili kwa saa nyingi. Juni linachomoza kwenye 067, Desemba 113. Linatosha kugundua kwamba jairo imekuhadaa nyuzi 40, halitoshi kukupeleka Wilson.

Niongeze kuhusu kurudi nyumbani, kwa sababu hapa jiografia inatusaidia. GPS imekufa, uko juu ya wingu, unashuka kuelekea mwambao. Usilenge Mombasa. Ukiilenga na kukuta pwani pasipo Mombasa, hujui ugeuke kushoto au kulia. Lenga Kilifi: kutoka Wilson ni nyuzi 127 badala ya 134, maili 229. Ukiiona bahari, geuka kulia, bahari ikae kushoto kwako, na Mombasa iko mbele maili 28 hivi. Upande wa kusini sikushauri, kuna Vilima vya Shimba vyenye mita 450 hivi, halafu mpaka.

Kilifi utaitambua kwa hori linalopanuka sana kuingia bara, na daraja mdomoni. Mtwapa ni jembamba. Kisha kisiwa chenyewe, maji pande zote mbili, Kilindini na Tudor.

Alasiri, upepo wa bahari husukuma mawingu bara na mara nyingi huacha utepe wazi juu ya maji. Asubuhi sana huwa kinyume chake.

#9 FundiRedio Changamwe

Kwa wenye ADF (sindano inayoelekea kituo cha redio cha masafa ya kati) bado kwenye dashibodi: mwambao wetu ni mahali pabaya kwake. Mawimbi ya masafa ya kati hupinda yakivuka ukingo wa nchi kavu na bahari. Ukiwa juu ya maji na kituo kiko bara, mstari ukikata pwani kwa pembe chini ya nyuzi 30, usiuamini. Ukikata karibu na mraba, sawa. Machweo na usiku sindano hutangatanga, na mvua ya radi huivuta. Masika ya Aprili na Mei ina radi za kutosha, kwa hiyo sindano inayoyumba kuelekea wingu jeusi inakuonyesha wingu, haikuonyeshi kituo.

GPS nayo ina saa zake mbaya huku. Tuko chini ya ukanda wa ionosfera unaochafuka baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba. Wengi wetu tunatua kabla, lakini anayechelewa ajue.

#10 Ramani na Saa

Bi Dira, kwa heshima, hapo kwenye utepe wazi juu ya maji naweka mpaka. Asielewe mtu kwamba anaweza kutoboa wingu kwa kuwa chini ni bahari tambarare. Asiye na leseni ya vyombo (ya kuruka kwa kusoma vyombo bila kuona nje) hashuki ndani ya wingu, hata liwe jembamba. Jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954 liliwaweka marubani 20 wasio na mafunzo hayo kwenye hali ya wingu, na wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Shuka pale unapoiona bahari yenyewe kupitia uwazi unaokupa mita 1,500 pembeni na futi 1,000 juu na chini.

Na usiende mbali baharini kutafuta uwazi. Ndege kama Cessna 172, injini ikizima, huteleza karibu maili 1 na nusu kwa kila futi 1,000. Kutoka 8,500 ni maili 12, bila upepo wa mbele. Jaketi la kuokolea liwe limevaliwa, lisiwe nyuma ya kiti.

#11 Bi Dira

Nakubali kila neno, Ramani.

#12 Kipanga wa Mwambao

Naongeza mpangilio wa dakika za kwanza, maana mtu akipotea huanza kuzungusha ndege akitafuta tundu, na hapo hesabu yote inakufa.

Shika uelekeo uleule. Andika saa. Usishuke, kama hewa inaruhusu, panda, maana futi 2,000 zaidi zinaongeza umbali wa redio. Ukizidi 10,000 kumbuka kanuni ya oksijeni, dakika 30 hadi futi 13,000. Angalia saketi breka na swichi ya antena mara moja tu. Kisha sema na mwongozaji, mapema, ukiwa bado na mafuta: wewe ni nani, ndege gani, nukta ya mwisho na saa yake, uelekeo, kimo, mafuta kwa dakika, watu wangapi, na kwamba uko juu ya wingu bila leseni ya vyombo. Maneno hayo ya mwisho yasiachwe. Akikuona kwenye rada na hajui hilo, anaweza kukupa mteremko unaopita ndani ya wingu. Asipokujibu, jaribu 121.5, masafa ya dharura. Kwenye transponda, dharura ni 7700, redio ikifa 7600.

Na mafuta: nusu saa ya kisheria inahesabiwa kutoka unakokwenda. Ukiruka juu ya wingu, hesabu kutoka katikati ya njia hadi mahali unapojua ni wazi, mbele au nyuma, kisha nusu saa juu yake. Kwa njia hii, mpaka wa kuamua ni maili 110 kutoka Moi, DME ikiwa bado inasoma. Kama hapo Wilson imefungwa na nyuma yako kumeanza kufunga, geuka wakati huo.

#13 Kozi ya PPL

Ahsanteni sana. Swali moja la mwisho: zile alama za utepe wa dirishani, nazipima vipi bila kukosea?

#14 Ramani na Saa

Ndege ikiwa imesimama kwenye maegesho, kaa kitini kwa urefu ule unaokaa angani. Mwenzako asimame mbele kabisa ya pua, mita 20 kutoka jicho lako, kwenye mstari sambamba na mwili wa ndege, si katikati ya pua, kwa sababu wewe umekaa kushoto. Kisha azunguke kwa umbali uleule, mita 20, akipimwa kwa kamba, hadi 45, 55, 90 na 100, akisoma nyuzi kwa dira ya mkononi. Asikaribie bawa wala injini kwa dira, chuma kitamdanganya. Kila akisimama, bandika utepe pale jicho lako linapomwona. Andika namba kwa wino usiofutika, na rudia kipimo mto wa kiti ukibadilishwa.